Faili Imefika, Lakini Haisomeki: Jinsi Ruhusa Zinavyovuruga Urudufishaji wa Maudhui Kati ya Seva

Mhariri wa tovuti moja ya habari niliyokuwa nikiisimamia alinipigia simu asubuhi na mapema akasema: "Kaka, picha ya habari kuu mimi naiona, mwenzangu hapa pembeni haioni, na nikiufungua upya ukurasa hata kwangu inapotea." Tovuti hiyo ilihudumiwa na seva mbili zilizokaa nyuma ya mashine inayowagawa wageni, huyu akipelekwa huku na yule kule, na kila baada ya dakika tano skripti moja ilinakili maudhui yote kutoka seva ya kwanza, ambako wahariri hupakia kazi zao, kwenda seva ya pili. Kazi hiyo ya kuhakikisha kwamba kilichopo kwenye seva moja kipo vilevile kwenye nyingine ndiyo nitakayoiita urudufishaji katika makala haya. Maneno ya mhariri yalitosha kunionyesha kwamba tatizo liko kwenye seva ya pili. Kilichonishangaza ni kwamba skripti ilikuwa haijalalamika hata mara moja.

Nilipoingia kwenye seva ya pili nilikuta picha ipo. Ukubwa wake ulikuwa uleule, saa ya kubadilishwa kwake ileile, na programu ya kunakili, ambayo ni rsync, ilikuwa imemaliza kazi kwa kurudisha namba 0, yaani hakuna kosa. Hata hivyo logi ya nginx, programu inayowapa wageni kurasa, ilikuwa na mstari huu ukijirudia:

`open() "/var/www/tovuti/picha/kuu.jpg" failed (13: Permission denied)`

Amri ya `ls -l` nayo ikanipa huu:

`-rw------- 1 nakili nakili 184320 Mar 12 06:41 kuu.jpg`

Herufi zilizo mwanzoni mwa mstari wa pili zinasema kwamba mmiliki wa faili anaweza kuisoma na kuiandika, na kwamba mwingine yeyote hana ruhusa ya lolote. Mmiliki mwenyewe anaitwa nakili, akaunti niliyoitengeneza kwa ajili ya urudufishaji tu. Nginx hutumia akaunti nyingine iitwayo www-data, na kwa hiyo mbele ya picha hii ilikuwa mpita njia aliyefungiwa mlango.

Kwenye seva ya kwanza faili hiyohiyo ilikuwa na ruhusa hizohizo, ila mmiliki wake alikuwa www-data. Siku mbili kabla ya simu ile tulikuwa tumesakinisha programu ndogo ya kupunguza ukubwa wa picha, nayo ilikuwa ikiandika kwanza faili ya muda, kisha kuibadilisha jina ikawa picha kamili. Faili za muda kwa kawaida hutengenezwa zikiwa za siri, zikiwa na ruhusa 600, na kubadilisha jina la faili hakubadilishi ruhusa zake. Kwa kuwa programu hiyo na nginx zilitumia akaunti moja, kwenye seva ya kwanza hakuna aliyeona kasoro. Skripti yangu ilisoma ikiwa root, akaunti kuu ya mfumo, ambaye hazuiliwi na herufi hizo, kisha ikaandika upande wa pili ikiwa nakili, na akaunti ya kawaida haiwezi kumpa mtu mwingine umiliki wa faili. Rsync inalijua hilo, na isipokuwa root upande wa kupokea haijaribu kabisa kuhamisha umiliki wala haitoi onyo. Basi ikauacha umiliki nyuma na kuzibeba ruhusa kama zilivyo. Picha za zamani zilikuwa na ruhusa 644 ambazo humruhusu kila mtu kusoma, ndiyo maana ziliendelea kuonekana.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu limebeba karibu kila kitu kinachowachanganya watu katika jambo hili. Faili inayorudufishwa hukutana na watu watatu: anayeisoma kwenye chanzo, anayeiandika kwenye lengo, na atakayeisoma huko lengoni baadaye, wakati mwingine wiki nzima baada ya kunakiliwa. Programu ya kunakili huwahusisha wawili wa kwanza tu, na ripoti yake ya mafanikio ni ripoti yao. Huyo wa tatu, ambaye kazi yote inafanywa kwa ajili yake, haulizwi na mtu.

Herufi tisa, na maana yake kwa folda

Mfumo wa ruhusa unaotumiwa na Linux umerithiwa kutoka Unix, mfumo endeshi ambao Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuujenga mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs nchini Marekani. Kila faili ina mmiliki mmoja na kikundi kimoja, na ruhusa zake hugawanywa mafungu matatu: la mwenyewe, la watu wa kikundi chake, na la wengine wote. Kila fungu lina herufi tatu, r ya kusoma, w ya kuandika na x ya kuendesha, ambazo huhesabiwa 4, 2 na 1, kwa hiyo 640 ni kusoma na kuandika kwa mwenyewe, kusoma tu kwa kikundi, na patupu kwa wengine. Jambo moja husahaulika hapa: mfumo huchagua fungu moja tu na kuishia hapo. Mmiliki aliyenyimwa kusoma katika fungu lake haokolewi na ruhusa waliyopewa wengine.

Kwa faili za kawaida hayo yanaeleweka upesi. Penye utata ni kwenye folda, kwa sababu herufi zilezile zina maana nyingine. Kusoma folda ni kuona orodha ya majina yaliyomo. Kuandika folda ni kuongeza, kuondoa au kubadilisha majina hayo. Na x ya folda ni haki ya kupita ndani yake kwenda kwenye kilichopo mbele. Asiye na haki ya kupita hafiki, hata faili anayoitafuta ikiwa wazi kwa ulimwengu mzima. Kwa hiyo picha yenye ruhusa 644 iliyo ndani ya folda yenye ruhusa 700 ni sawa na barua isiyofungwa iliyowekwa ndani ya chumba kilichofungwa. Msimamizi anayetazama faili peke yake anaweza kukaa saa nzima akishangaa, ilhali amri `namei -l` ikifuatiwa na njia kamili ya faili ingemwonyesha ruhusa za kila folda kuanzia juu kabisa hadi faili yenyewe, na mlango uliofungwa ungejionyesha mara moja.

Matokeo ya pili ya kanuni hiyo ni kwamba kufuta faili hakutegemei ruhusa za faili bali za folda iliyomo, na hilo ndilo linaloeleza tabia ya rsync inayowashangaza wengi. Programu hiyo, iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, haiandiki moja kwa moja juu ya faili ya zamani. Hutengeneza faili ya muda yenye jina linaloanza kwa nukta ndani ya folda ileile, huijaza maudhui mapya, kisha huibadilisha jina ikachukua nafasi ya ile ya zamani kwa mkupuo mmoja, ili msomaji asije akakuta nusu ya faili. Ni utaratibu mzuri, lakini unadai haki ya kuandika kwenye folda. Akaunti iliyoruhusiwa kuandika faili zote zilizomo lakini ikanyimwa folda itaambulia ujumbe wa `mkstemp ... failed: Permission denied (13)`, na anayeuona mara ya kwanza ataapa kwamba ruhusa alizitoa. Kinyume chake ndicho cha hatari zaidi. Akaunti yenye haki kwenye folda inaweza kuibadilisha hata faili isiyo yake na iliyofungwa isiandikwe, na kwa kuwa kilichowekwa ni faili mpya, umiliki unahamia kwa aliyenakili. Faili iliyokuwa ya www-data jana inaamka leo ikiwa ya nakili, bila mtu yeyote kutoa amri ya kubadilisha umiliki.

Mfumo hauyajui majina

Majina ya akaunti tunayoyaona kwenye skrini ni pambo la kumsaidia binadamu. Ndani ya diski faili hubeba namba tu, na jina hutafutwa wakati wa kuonyesha, kwa kawaida kwenye faili iitwayo `/etc/passwd` ya seva husika. Kila seva ina daftari lake. Kwenye Linux ya Debian na jamaa zake www-data ni namba 33. Kwenye Linux ya Red Hat na jamaa zake kazi hiyohiyo hufanywa na akaunti iitwayo apache yenye namba 48. Na katika kontena rasmi za PHP zilizojengwa juu ya Alpine, www-data ni 82. Akaunti za watu wa kawaida hupewa namba kwa foleni, kuanzia 1000 katika mifumo mingi ya sasa, kwa hiyo anayesajiliwa wa pili huwa 1001 bila kujali ni nani.

Sasa tuchukue seva mbili ambazo kwa moja wa pili kusajiliwa alikuwa mhariri na kwa nyingine alikuwa mhasibu. Faili ya mhariri ikivushwa kwa namba itatua upande wa pili ikiwa mali ya mhasibu, naye ataweza kuifungua, kuibadilisha na kuifuta, huku mhariri mwenyewe akizuiwa. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotolewa, kwa kuwa kwa macho ya mfumo hakuna kosa. Rsync inayopokea ikiwa root hujaribu kuliepuka hilo kwa kulinganisha majina kwanza na kutumia namba pale tu jina lisipopatikana, lakini chaguo la `--numeric-ids` huuondoa ulinzi huo. Urudufishaji unaofanywa chini ya ngazi ya faili, kama wa DRBD unaonakili diski nzima au wa ZFS unaotuma picha ya hifadhi, hubeba namba peke yake, kwa sababu katika ngazi hiyo majina hayapo. Chaguo la namba si baya lenyewe, na kwa nakala za akiba zitakazorejeshwa kwenye mashine ileile ndilo sahihi. Ubaya huja linapotumika kati ya mashine ambazo madaftari yake hayalingani.

Kwenye hifadhi ya pamoja ya NFS, ambayo mashine nyingi huifikia kupitia mtandao, kuna mtego mwingine. Wengi huamini kwamba skripti ikiendeshwa na root haizuiliwi popote, na kwenye mashine yake ni kweli. Lakini seva ya NFS kwa desturi hutumia kanuni ya `root_squash`, inayomgeuza root anayetoka mashine nyingine kuwa akaunti duni kabisa iitwayo nobody, ambayo kwa kawaida ni namba 65534. Jogoo wa shamba hawiki mjini. Ndiyo maana skripti ileile inayofanya kazi vizuri kwenye diski ya ndani hukataliwa hata kusoma folda inayosomwa bila shida na akaunti ya kawaida.

Namba 13 na namba 1

Rsync inapokwama huandika neno na namba, na namba hizo mbili zinastahili kutofautishwa kwa sababu tiba zake hazifanani. Namba 13, `Permission denied`, kwa kawaida inamaanisha kwamba herufi za ruhusa za faili au za folda mojawapo njiani zimekuzuia, na mtu anaweza kukufungulia. Namba 1, `Operation not permitted`, inamaanisha kwamba jambo ulilotaka kulifanya halitolewi kwa ruhusa za kusoma na kuandika hata kidogo. Ni haki ya mmiliki au ya root. Kubadilisha ruhusa za faili ni haki ya namna hiyo, na kuipa faili au folda saa ya zamani ni hivyohivyo. Faili iliyogandishwa kwa `chattr +i` huleta namba 1 hata kwa root, na ukiikuta hali hiyo kumbuka kwamba kuna mtu aliigandisha kwa makusudi.

Kisa cha kawaida kabisa cha namba 1 ni folda kuu ya tovuti. Mmiliki wake ni root, kikundi kimepewa haki ya kuandika, na nakili yumo kwenye kikundi hicho. Faili zote zinanakiliwa salama, kisha mwishoni rsync inajaribu kuipa folda saa ileile iliyo kwenye chanzo, inakataliwa, na inaandika `failed to set times`. Maudhui hayakupungua hata herufi moja, lakini programu inamaliza kwa namba 23, inayomaanisha kwamba sehemu ya kazi haikukamilika. Kwa kuwa jambo hilo hujirudia kila mzunguko, msimamizi huzoea kuiona 23, halafu huandika ndani ya skripti kwamba 23 ihesabiwe kuwa mafanikio. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe, na nilijuta, kwa sababu 23 ndiyo namba hiyohiyo inayoletwa na makosa yanayoumiza kweli. Chaguo la `-O`, linaloiambia rsync iache saa za folda, lingeninyamazishia kelele bila kuniziba masikio.

Kufuta kunapogoma

Kosa linaloumiza kuliko yote hutokea pale urudufishaji unapotakiwa pia kufuta. Tuseme tovuti imeondoa makala kwa sababu ilikuwa na taarifa zisizo sahihi, na skripti ina chaguo la `--delete` ili kilichoondolewa kwenye chanzo kiondolewe na kwenye lengo. Siku hiyohiyo mtu amefungua folda mpya ya rasimu na kuipa ruhusa 700, na akaunti inayosoma chanzo si root. Rsync inafika kwenye folda hiyo na kunyimwa kuingia. Kuanzia hapo haiwezi tena kutofautisha faili iliyofutwa na faili ambayo imefichwa tu, na kwa busara inaamua kutofuta chochote mahali popote: `IO error encountered -- skipping file deletion`. Faili mpya zinaendelea kufika, kurasa zinaendelea kubadilika, na kila anayeikagua seva ya pili kwa macho anaona maisha yanakwenda. Makala iliyoondolewa inabaki pale pale, ikisomwa na nusu ya wageni, kwa sababu ya folda ambayo haihusiani nayo kwa lolote.

Kuna chaguo la `--ignore-errors` linaloilazimisha rsync kufuta pamoja na makosa hayo, na watu wengine hulipendekeza kama dawa. Binafsi naliona ni hatari. Folda isiyosomeka, machoni pa rsync, inafanana na folda tupu. Ukiilazimisha ifute, nakala nzima ya folda hiyo iliyoko upande wa pili inaweza kuondoka nayo. Tiba ni kuiondoa folda ya rasimu kwenye orodha ya kunakiliwa kwa `--exclude`, au kumpa msomaji haki ya kuisoma, kisha kuiacha ile breki ifanye kazi iliyowekewa.

Tabaka zisizoonekana kwenye herufi tisa

Mara nyingine mmiliki ni sahihi, 644 ipo, folda zote zinapitika, na bado ukurasa unakataliwa. Hapo mtu atazame mwisho wa zile herufi za `ls -l`. Alama ya jumlisha inamaanisha kuna orodha ya ziada ya ruhusa, ambayo mafundi huiita kwa kifupi ACL, na nukta inamaanisha kuna lebo ya usalama ya SELinux, mfumo wa ziada wa ulinzi ndani ya Linux. Chaguo la `-a` la rsync, ambalo wengi huliamini kwamba hubeba kila kitu, halibebi lolote kati ya hayo. Orodha ya ACL huhitaji `-A` na lebo huhitaji `-X`.

ACL ina kitu kinachoitwa mask, yaani kikomo cha juu cha kile ambacho watu walioongezwa kwenye orodha wanaweza kupata. Faili ikiwa na ACL, herufi tatu za kikundi zinazoonekana kwa `ls -l` si za kikundi tena bali ni za kikomo hicho. Rsync inapoleta 644 kutoka kwenye chanzo na kuiweka juu ya faili yenye ACL, inashusha kikomo kikawa kusoma tu, na mhariri aliyepewa haki ya kuandika anaipoteza ilhali jina lake bado limeandikwa kwenye orodha. Amri ya `getfacl` humwonyesha kwa kuandika kando ya jina lake `#effective:r--`.

SELinux yenyewe haijali mmiliki ni nani. Hutazama lebo, na kwa kawaida programu ya wavuti huruhusiwa kusoma faili zenye lebo ya `httpd_sys_content_t`. Faili inayozaliwa ndani ya `/var/www` huipata lebo hiyo kutoka kwenye folda yake, lakini iliyofunguliwa kwenye folda ya nyumbani ya mtu kisha ikahamishwa kwa `mv` huja na lebo ya kwao. Kwa hiyo skripti zinazonakili kifurushi, kukifungua pembeni, kisha kukihamishia mahali pake huzalisha faili zinazoonekana safi kwa kila kipimo cha kawaida na bado zinakataliwa. Amri ya `restorecon -Rv /var/www/tovuti` huzirudishia lebo sahihi. Kuizima SELinux nzima kwa sababu ya lebo moja ni kubomoa ukuta ili upitishe kiti.

Kwa upande wa Windows nitasema machache. Huduma ya DFS Replication, iliyokuja na Windows Server 2003 R2, huzihesabu ruhusa za NTFS, mfumo wa faili wa Windows, kuwa sehemu ya faili na huzirudufisha pamoja nayo. Kwa hiyo anayebadilisha ruhusa kwenye folda ya juu kabisa na kuacha zirithiwe hadi chini amezigusa faili zote kwa pamoja, na foleni ya urudufishaji inaweza kuvimba huku watu wakishangaa kwa nini nyaraka za leo hazifiki. Ruhusa za kushiriki folda kwenye mtandao, ambazo ni tofauti na za NTFS, hazirudufishwi. Kila seva hupangiwa za kwake.

777 na tiba yenyewe

Aliyechoka kutafuta huandika `chmod -R 777`, na ukurasa unafunguka. Kama skripti inatumia `-a`, furaha hiyo hudumu hadi mzunguko unaofuata tu, kwa sababu rsync itazirudisha ruhusa zilizoko kwenye chanzo hata kama maudhui hayajabadilika. Kama amri hiyo iligusa pia folda ya nyumbani ya akaunti ya nakili, urudufishaji utasimama mlangoni: programu ya SSH, ambayo rsync huitumia kuingia kwenye seva nyingine, huukataa ufunguo uliosajiliwa ikiwa folda ya nyumbani au folda ya `.ssh` inaandikika na watu wengine, na upande wa anayetuma huukataa ufunguo wa siri unaosomeka na wengine. Ruhusa zilizozidi zinavunja kazi kama zilivyovunja zilizopungua. Isitoshe, mhalifu aliyepata upenyo mdogo kwenye seva ya kwanza ataweza kupanda faili yake popote anapotaka, na urudufishaji utampelekea hadi seva ya pili kwa uaminifu mkubwa.

Nilichofanya kwenye tovuti ile kilianza kwa kuacha kuamini kwamba nakala lazima ifanane na chanzo katika kila kitu. Maudhui yanapaswa kufanana. Umiliki na ruhusa vinapaswa kulingana na seva ambamo faili itaishi. Kwa hiyo badala ya `-a` niliandika `-rltp`, nikiacha umiliki na kikundi nje kwa makusudi, na nikaongeza `--chmod=D2750,F640`, ili kila folda na kila faili ifike na ruhusa ninazozitaka mimi bila kujali ilizaliwaje kwenye chanzo. Herufi `p` ilibaki kwa sababu bila hiyo `--chmod` haizigusi faili ambazo tayari zipo. Ile 2 ya mwanzo ni biti inayofanya kila kinachotengenezwa ndani ya folda kirithi kikundi cha folda, nami nilikuwa nimekiweka kikundi hicho kuwa www-data na kumwingiza nakili ndani yake, kwa sababu Linux humwondolea biti hiyo mtu anayejaribu kuiweka kwenye folda ya kikundi asichokuwamo. Matokeo yake ni kwamba nakili anaandika, nginx inasoma kupitia kikundi, na nginx yenyewe haina uwezo wa kubadilisha hata nukta kwenye maudhui ya seva ya pili. Seva inayopokea wahariri wake yenyewe isingefaa kupangwa hivi. Yangu ilikuwa ya kupokea tu.

Kabla ya kuiachia skripti mpya niliijaribu kwa `rsync -n -i`, inayoonyesha ingefanya nini bila kufanya. Mstari unaoanza kwa `.f...p.....` unamaanisha maudhui hayaguswi na ruhusa tu ndizo zitakazobadilishwa, na nilipoona mistari mingi ya namna hiyo kwenye folda ya picha nilijua nimelenga penyewe. Kisha mwishoni mwa skripti nikaweka swali la yule mtu wa tatu, likiulizwa kwa sauti yake mwenyewe:

`sudo -u www-data find /var/www/tovuti ! -readable`

Amri hiyo hutembea ndani ya tovuti nzima kwa akaunti ya nginx na kutaja kila kitu ambacho nginx haiwezi kukisoma, na folda isiyopitika hulalamikiwa palepale. Asubuhi ya kwanza ilirudisha mstari mmoja tu, `.kuu.jpg.Xk41bT`, faili ya muda iliyoachwa na mzunguko uliokatika katikati usiku. Hiyo nginx haikupaswa kuisoma, nami niliifuta kwa mkono.